Kofia ya Fundi Makochi

Nyumbani,
4 Februari

Bi Kelele,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kochi la mteja, usimwambie mtu. Sisi hatujambo. Mama yako naye hajambo, ila nyumba imempwaya tangu urudi shule. Hakuna anayegonga masufuria kwa vijiko, kwa hiyo kelele zote amezihamishia kwangu. Anakusalimu. Yeye si mtu wa kuandika, mdomo wake unamtosha.

Dereva wa basi la shule atakupa furushi. Ndani kuna mafuta ya jua, chupa mbili kubwa, na kofia. Kofia nimeishona mwenyewe na sitaki kusikia neno. Kitambaa ni kile kigumu cha maua ya zambarau nilichoshonea makochi ya ofisi ya mkuu wa shule yenu mwaka jana. Kilibaki kipande kizuri, nikakiweka, na sasa kimepata kazi. Nimekiinua mbele ya taa nikaona hakipitishi mwanga hata kidogo. Ukingo ni mpana kama sinia, nyuma kuna pazia la kufunika shingo, na pembeni nimeongeza mbawa mbili za kushuka juu ya masikio. Kuna kamba ya kufunga kidevuni ili upepo usikuletee dharau. Juu katikati nimepachika kifungo cha kochi, maana fundi lazima aache alama yake. Mama yako anasema inafanana na ndoo iliyopinduliwa. Mama yako hajui ufundi.

Sasa nisikilize. Nesi wa kliniki ya ngozi alisema nini wakati wa likizo? Kile kigaga kilicho juu ya sikio lako la kushoto si cha kuchezea. Kikiendelea kupigwa na jua kinaweza kuwa kidonda kisichopona, na kidonda kisichopona kwa mtu mwenye ualbino kinaweza kuwa saratani. Alilitaja neno hilo mbele yako, wewe ukatazama ukutani. Mimi usingizi ulinipaa wiki nzima. Kwa hiyo paka mafuta kila unapotoka, rudia kupaka ukiwa bado nje, vaa mikono mirefu, na kofia iwe kichwani kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Sikio usilisahau. Uso unaupaka kama bi harusi, masikio unayaacha kama umeyaazima.

Andika upesi uniambie imekutosha.

Baba yako


Shuleni,
13 Februari

Baba,

Shikamoo. Furushi limefika salama. Asante kwa mafuta. Kofia nimeiona, na naona ulihangaika sana. Tatizo ni kwamba shule hairuhusu kofia isiyo ya sare. Kwenye bendi ndiyo kabisa, wote tunavaa bereti nyekundu. Nilimuuliza mwalimu wa bendi akasema haiwezekani. Nimeihifadhi chini ya sanduku isichafuke. Tafadhali usilikuze jambo hili.

Halafu Baba, kila barua unanifundisha jua kama mtu aliyezaliwa jana. Najua. Najua ngozi yangu haina rangi ya kuikinga. Najua mawingu hayazuii kitu, najua mafuta yanapakwa kabla ya kutoka na si baada ya kuungua, najua jasho linayaosha. Juzi mwalimu wa biolojia alinisimamisha niwaeleze wenzangu habari za ngozi, nikaeleza yote bila daftari. Walipiga makofi.

Wasiojua ni hawa wa bwenini, labda uwaandikie wao. Wamemaliza karibu chupa nzima ya mafuta kwa sababu wanaamini yanang'arisha. Mmoja alijipaka usiku, akalala nayo, asubuhi akajitazama kwenye kioo cha bafuni, akaja kunilaumu kwamba nimemdanganya. Rafiki yangu mmoja, mkimbiaji, pua inambanduka na midomo imepasuka, lakini ukimwambia ni jua anasema mtu mweusi haungui, eti hiyo ni baridi. Hapa tunalala bila kujifunika kwa joto, na yeye anaungua na baridi.

Sikio halina neno. Nimepewa ngoma kubwa, nitatembea mbele ya bendi nzima. Hilo hukuniuliza.

Binti yako


Nyumbani,
19 Februari

Mwalimu wa Bendi,

Salamu. Mimi ni baba wa mpiga ngoma kubwa. Hatujaonana, lakini ukiitwa ofisini kwa mkuu wa shule unakaa juu ya kazi yangu, kwa hiyo hatuko mbali sana.

Nimeambiwa umemkataza mwanangu kuvaa kofia. Nimekaa na neno hilo siku kadhaa nikitafuta upande wake mzuri, sijauona. Mtoto ana ualbino, si siri, macho unayo. Ana kigaga sikioni ambacho kliniki imesema kisipigwe na jua. Bereti yenu inafunika nywele, na nywele hazina shida yoyote.

Sina elimu ya muziki. Najua tu kupiga misumari. Lakini sijawahi kusikia ngoma iliyogoma kulia kwa sababu mpigaji wake amevaa kofia pana. Kama ni uzuri wa gwaride mnaoutafuta, basi niambie wazi kwamba gwaride lina thamani kuliko sikio la mtu, nami nitajua nimempeleka mwanangu shule gani.

Naomba ruhusa hiyo kwa maandishi. Samahani kama kalamu yangu ni kali, nyundo nimezoea zaidi.

Mzazi, fundi wa makochi


Shuleni,
26 Februari

Ndugu Mzazi,

Nimepokea barua yako na nimeisoma kwa heshima inayostahili.

Sare ya bendi ni bereti, na katika hilo sina la kuongeza. Hata hivyo nakuhakikishia kwamba binti yako hafanyi mazoezi juani. Ngoma kubwa nimeihamishia kwenye baraza ya ukumbi, penye paa, na wengine wanabaki uwanjani. Wapiga tarumbeta wanalalamika kwamba hawamsikii vizuri. Nimewaambia watege masikio.

Kuhusu kofia naomba tuishie hapo. Yapo mambo ambayo mwalimu huyabeba kwa sababu ameombwa ayabebe, na si yote ya kuandikwa. Binti yako ana mkono mzuri. Sijapata mpiga ngoma wa namna yake tangu nianze kazi hii.

Wako,
Mwalimu wa Bendi


Nyumbani,
3 Machi

Bi Kelele,

Mwalimu wako amenijibu. Ana lugha laini kama sabuni, ukiishika inateleza. Anasema "ameombwa" abebe mambo. Ameombwa na nani? Bila shaka ni mkuu wa shule, anayetaka bendi ipendeze mbele ya wageni. Nimeshawaelewa wote wawili. Watu wazima wamekula njama dhidi ya sikio la mtoto, na mimi niko huku napigilia misumari kwenye makochi ya watu.

Lakini baba yako hazidiwi akili na bereti. Kama shida ni sare, nimeshona kofia nyingine ya rangi ya sare yenu. Bluu iliyoiva, ukingo mpana ule ule, pazia lile lile, na kifungo cha juu nimekivisha kitambaa chekundu kiende na bereti zao. Sasa waseme wana sababu gani. Ipo kwenye furushi hili. Ivae Jumamosi ya mazoezi, umfuate mwalimu, umwambie baba ameuliza: je, hii nayo?

Akikataa tena nakuja mwenyewe, na sitakuja kusikiliza muziki.

Usiniandikie tena kwamba unajua. Mimi pia najua kuogelea, lakini nikiwa nimezama kujua kwangu kutanisaidia nini? Nataka kusikia kwamba unavaa.

Baba yako


Shuleni,
11 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimeipata. Jibu ni lile lile, haiwezekani. Nakuomba umwache mwalimu, ni mtu mzuri na hajanikosea kitu. Usije. Niko barazani, kivulini, peke yangu na ngoma yangu kama mzigo uliosahauliwa stendi.

Wiki ijayo tunakwenda kwenye mashindano ya bendi za shule. Bendi yetu haijawahi kushinda. Safari hii kila mtu anasema ngoma ndiyo itakayotubeba.

Sikio halina neno.

Binti yako


Nyumbani,
16 Machi

Mwalimu wa Bendi,

Kofia ya pili nayo umeikataa. Basi mimi na wewe tumemaliza. Barua inayofuata itakwenda kwa mkuu wa shule, na nakala nitampelekea daktari wa ngozi, ili siku mwanangu akipatwa na jambo lijulikane ni nani aliyeona bereti ni bora.

Huna mtoto wewe?

Mzazi


Shuleni,
23 Machi

Ndugu Mzazi,

Huhitaji kumwandikia mkuu wa shule. Nimeshakwenda kwake mwenyewe, na sasa nakwambia na wewe.

Hakuna sheria inayokataza kofia. Haijawahi kuwepo. Furushi lako la kwanza lilipofika, binti yako alikuja kuniuliza, nikamruhusu pale pale. Jumamosi hiyo aliivaa uwanjani. Mzee, sijui kama ulilifikiria hili, lakini kila mwanafunzi hapa anayajua yale makochi ya maua ya zambarau, maana ndipo wanapokalishwa wakisubiri adhabu. Mpiga tarumbeta mmoja alimsogelea, akainama kwa adabu, akamuuliza kama anaweza kukaa. Bendi nzima ilicheka. Nilicheka na mimi kabla sijajizuia, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Tangu siku hiyo anaitwa Kochi, hata na wanafunzi wapya ambao hawakuiona kofia yenyewe.

Jioni alinifuata kwenye chumba cha vyombo. Aliniambia hivi: "Mwalimu, ukisema inaruhusiwa, baba atajua nimeikataa mimi. Sema imekatazwa. Akukasirikie wewe, wewe si mtoto wake." Nilikubali, kwa sharti kwamba asikanyage jua wakati wa mazoezi. Nilidhani katika wiki mbili tatu nitamshawishi. Sharti alilitimiza, nami nikaendelea kupokea barua zako.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye mashindano. Nilimwambia abaki ndani ya basi mpaka zamu yetu ifike. Zamu ilichelewa, wenzake wakaanza kujipanga na kupiga picha, akashuka. Nilimwona nikiwa upande wa waamuzi. Alikuwa juani na bereti kichwani, mikono ya shati ameikunja, anacheka na watu waliozoea kumcheka. Nilisema moyoni nitamwambia tukimaliza. Tulichelewa sana kumaliza. Tumeshika nafasi ya pili.

Leo asubuhi matroni ameona damu kwenye mto wake. Kile kigaga kimepasuka, na sikio lote limevimba. Inaelekea kilianza kutoa majimaji kabla ya mashindano, ila alikuwa akikifunika kwa nywele.

Njoo umchukue umpeleke kliniki. Mimi sina la kujitetea. Na mtoto ninaye mmoja, bado mdogo.

Mwalimu wa Bendi


Nyumbani,
12 Aprili

Binti yangu,

Shangazi yako ananiambia unakula na kidonda kinakauka. Namshukuru kwa kukuweka karibu na hospitali. Mimi nimerudi kwenye kazi, makochi ya watu yalikuwa yananisubiri na wenyewe wamenikalia kooni.

Njia nzima ya kwenda kliniki sikukusemesha. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nayo mengi hata nikaogopa kufungua mdomo ndani ya basi la watu. Sasa nayasema.

Majibu yametoka na daktari amenisomea kwenye simu. Ilikuwa saratani iliyoanza. Ile ncha ya sikio waliyoikata imetoka nayo yote, na anasema tumewahi. Nesi ameniambia nisiihesabu siku ya mashindano peke yake, kwamba ni jua la miaka, ila siku ile ndiyo iliyokipasua kile kigaga. Nilimuuliza kama inaweza kurudi mahali pengine. Akasema inategemea utakavyoishi.

Inategemea utakavyoishi. Mimi nimekuzaa, nimekuvika kanga utotoni mchana kutwa mpaka majirani wakaniuliza kama mtoto ana homa, nimekushonea kofia mbili, nimegombana na mwalimu wa watu asiye na kosa, nikamtukana kwamba hana mtoto. Kumbe ni wewe. Uliniandikia kwa mkono wako kwamba sikio halina neno. Umenifanya mjinga, na umeliacha jua likutafune kwa sababu ya kicheko cha watoto.

Nimeshaamua. Kule hurudi. Kuna shule ya kutwa hapa jirani, nitakupeleka asubuhi jua likiwa halijakolea na mchana utarudi kwa mwavuli. Nimekutengea kona karakanani, ina kivuli mpaka jioni, utasomea hapo nikikuona. Bendi imekwisha.

Baba yako


Kwa Shangazi,
17 Aprili

Baba,

Shikamoo. Naandika polepole kwa sababu nikigeuza shingo bandeji inavuta.

Nimekudanganya. Nimemtia na mwalimu matatani. Hilo ni kosa langu na sitalizunguka. Lakini umeandika "kicheko cha watoto" kama vile ni mbu, mtu apunge mkono wapite.

Tangu nimezaliwa kila mtu ananifundisha jua. Wewe, nesi, daktari, Shangazi, mpaka muuza duka anayeniuzia penseli. Ningeweza kufungua kliniki yangu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunifundisha mtu anafanya nini watu wote wa bendi wakimcheka kwa pamoja, na mwalimu wao akiwemo. Unasimama vipi? Mikono unaiweka wapi? Nilikuwa na vijiti vya ngoma mkononi, nikavishika tu.

Ulinivika kochi, Baba. Kochi la adhabu. Hukuniuliza rangi, hukuniuliza umbo, kichwa ulinipima nikiwa nimelala likizo, nikaamka na uzi shingoni. Ya pili nayo ukaiwekea kifungo. Nilipokifungua kile kifurushi nikaona kile kifungo chekundu, nililia kwa hasira chooni mpaka kengele ikalia.

Unadhani siogopi. Nesi alipolitaja lile neno nilitazama ukutani kwa sababu ningekutazama wewe ningelia, na wewe ulikuwa karibu kulia. Naogopa kila nikijipaka mafuta. Ndiyo maana masikio nayasahau, kule ndiko kulikokuwa na kile kitu, sikutaka kukigusa.

Unajua ngoma ilinipa nini? Mahali popote nikipita watu wananitazama ngozi. Siku ya mashindano watu nisiowajua walinitazama mikono. Mama mmoja alisema, "Huyu msichana anapiga." Hakusema kitu kingine. Nilijua naungua, nilikuwa nasikia sikio linawaka, na sikutaka kurudi ndani ya basi. Huo ndio ukweli wote.

Nikikaa kwenye kona ya karakana nitakuwa salama, sibishi. Nitakuwa salama kama yale makochi ya wateja wasiorudi, uliyoyafunika nailoni.

Nataka kurudi shule. Nitavaa kofia, ila niichague mwenyewe. Siku nikikataa kuivaa nitakwambia nimekataa mimi, sitamtafuta mtu wa kukasirikiwa badala yangu.

Binti yako


Nyumbani,
25 Aprili

Bi Kelele,

Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka. Mama yako akaichukua akaisoma kwa sauti, kisha akaisoma tena nikiwa nakula, makusudi. Siku mbili sikugusa kazi ya kushona. Nimekuwa nang'oa tu misumari kwenye makochi ya zamani, na mengine hayakuhitaji kung'olewa.

Kitambaa kile ni kizuri, hapo sikubali kubishana. Lakini sikufikiria. Nilipokuwa nashona nilikuona umeungua, usiku na mchana nilikuona umeungua tu. Sikukuona hata mara moja umesimama katikati ya wenzako. Mama yako anasema kofia zile niliushonea woga wangu, wewe nilikuazima tu uzivae. Nilimwambia anyamaze. Hakunyamaza. Nisamehe, mwanangu.

Mwalimu nimemwandikia kumwomba radhi. Kazi yake ya kukasirikiwa imekwisha.

Rudi shule. Usidhani nakubali kwa moyo mkunjufu, nakubali shingo upande na nataka ulijue hilo. Moyo wangu bado unataka kona ya karakana. Shangazi yako atakupeleka madukani, uchague unayoitaka, na mimi sitaigusa kwa sindano wala kuitolea maneno. Ukingo tu upite masikio. Hilo ni sharti la nesi, usinilaumu mimi.

Nitakwambia kinachonisumbua. Jumamosi saa tano, jua likiwa utosini, mimi nitakuwa hapa na nyundo mkononi. Sitajua kama umeivaa au umeiacha kitandani. Siwezi kukuvalisha nikiwa huku, na nikija kukulinda kila siku nitakuaibisha tena. Kwa hiyo natakiwa nikae bila kujua. Nimefanya kazi nyingi ngumu katika maisha yangu, Bi Kelele, ila hii ya sasa siiwezi na inabidi niifanye.

Baba yako


Shuleni,
8 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza nione mwenyewe itakuwaje.

Kofia niliyochagua ni nyeusi, ya kawaida, ukingo mpana, haina kitu juu. Ukiiona utasema mshono wake ni wa haraka haraka, na kweli ni wa haraka haraka. Inanitoa jasho. Ukivuma upepo naishika kwa mkono mmoja nakosa pigo, mwalimu ananitazama. Jumamosi ya kwanza walicheka. Mpiga tarumbeta alihangaika kunitafutia jina jipya, akakosa la maana, akarudia Kochi. Nilimwambia kochi ni la wanaosubiri adhabu, kama ana yake akae. Si jibu zuri, lakini nilikuwa nalo tayari tangu kwa Shangazi. Wengine bado wananiita hivyo. Sijazoea, na usiniandikie kwamba nitazoea.

Sipo tena barazani. Natembea mbele, na ngoma.

Jumamosi hii jua lilikuwa kali sana. Mwalimu aliitwa ofisini akatuacha uwanjani. Wenzangu wakavua bereti wakaanza kujipepea. Nikaivua kofia yangu na mimi. Upepo ulinipiga kichwani vizuri, Baba, wewe hujui. Nikakaa hivyo kidogo. Hakuna aliyekuwa akinitazama, hata mmoja, kila mtu alikuwa na joto lake. Nilikuchukia kidogo, na nesi pia. Halafu nikaivaa tena, nikaishusha mpaka ikafunika masikio yote mawili, lililo zima na lililokatwa, nikaanza kupiga.

Binti yako